Kanda za marehemu baba: zitupwe au zinakiliwe?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Niko Ngamiani, Tanga. Marehemu baba katuachia sanduku la bati lenye kanda za kaseti kama 40. Nyingi zimeandikwa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, moja imeandikwa COASTAL 88, na moja ni ya harusi ya dada yangu, ila mkanda wake umekatika. Baadhi zina vidoa vyeupe. Mwanangu wa darasa la saba kaishika moja akaniuliza inachajiwa wapi. Siku hiyo nilijiona nimezeeka kweli. Kijana wa duka la simu ananishauri nizitupe, nyimbo zote atanitolea YouTube aniwekee kwenye flashi. Nifanye nini?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Usitupe hata moja. Kijana wa dukani hakukutakia baya, ila yeye anaona nyimbo tu ndani ya sanduku. Wimbo uliopigwa kwenye santuri una nakala nyingine mahali fulani, na akiutafuta huenda akaupata. Asichoweza kukupatia ni kile kilichonaswa pamoja na wimbo. Wazee wengi hawakuwa na redio kaseti ya kurekodi moja kwa moja. Waliweka kaseti rekoda mbele ya redio nyingine, maikrofoni ikanasa nyumba nzima: mtangazaji wa RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) akisoma salamu, jogoo wa jirani, mtoto anaitwa akale, na mzee mwenyewe akikohoa baada ya kubonyeza kitufe. Sauti ya baba yako inaweza kuwa imo humo sekunde tatu tu, katikati ya taarabu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kanda zilizorekodiwa nyumbani ndizo za kwanza, za redio zifuate, za kununuliwa dukani ziwe za mwisho. Na kila upande unakiliwe mzima, mkanda uanze hadi uishe, bila kuruka mapengo ya kimya. Wanaonakili kwa pupa huanzia pale wimbo unapoanza na kukata unapoisha, na hapo ndipo wanapotupa kitu chenyewe.

Kabla hujachomeka chochote, shika kanda uwazi wa mkanda ukitazama chini, uangalie ukingo wa juu. Kuna vijipande viwili vya plastiki, kushoto na kulia. Cha kushoto kinalinda upande unaokutazama, cha kulia kinalinda wa pili. Kama bado vipo, vivunje vyote viwili kwa ncha ya bisibisi. Vikiisha kuvunjwa, kitufe cha kurekodi hakishuki, na mtoto hawezi kufuta sauti ya babu yake kwa bahati mbaya. Ukikuta tundu limezibwa kwa selotepu au kikaratasi kilichokunjwa, jua mzee aliirudia kanda hiyo kurekodi kitu kingine. Toa kizibo, na usiiamini lebo ya nje.

Vile vidoa vyeupe ni ukungu. Tanga kuna unyevu wa bahari mwaka mzima, na sanduku la bati hutoa jasho ndani usiku. Tazama kwenye kidirisha cha kanda: ukungu hukaa kwenye kingo za mkanda uliojikunja, kama unga au utando. Kanda ya namna hiyo usiicheze kwanza. Ukiicheza, vumbi la ukungu linahamia kwenye mashine, na kutoka hapo linaingia kwenye kanda safi zote zitakazofuata. Zitenge kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, utie vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, hata ishirini, uziache wiki mbili au tatu. Usizianike juani. Joto linapinda jumba la plastiki, na mkanda wenyewe unakunjamana. Friji pia hapana, maana zikitoka humo zinashika maji. Ukungu ukikauka unakuwa vumbi. Toka nje, vaa barakoa, ufute polepole kwa brashi laini, halafu uzungushe mkanda kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho ukipita kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi. Kalamu ya Bic yenye pembe sita inaingia sawasawa kwenye meno ya gurudumu. Mpe mwanao afanye kazi hiyo. Atajua kaseti haichajiwi, inazungushwa.

Sasa mashine. Redio kaseti za zamani bado zinapatikana kwa mafundi, lakini iliyokaa kabatini miaka 15 karibu kila mara ina tatizo la mikanda ya mpira inayozungusha magurudumu. Mpira unalegea au unayeyuka kama lami, na sauti inapepesuka kama mtu anayeimba huku anatikiswa. Fundi anaweza kuibadilisha, ili mradi apate ya kipimo kilekile. Kabla ya kununua, jaribu mashine kwa kanda isiyo na thamani. Angalia gurudumu la kupokea mkanda linazunguka bila kusita. Likisita, mkanda unatoka lakini haukusanywi, unajikunja ndani, na hiyo ndiyo kutafuna tunakokujua wote. Chagua yenye tundu la hedifoni au, bora zaidi, matundu ya kutolea sauti kwa nyuma.

Safisha njia ya mkanda kabla ya kanda ya kwanza na baada ya kila kanda nne au tano. Zile zilizokuwa na ukungu, safisha baada ya kila moja. Hedi, yaani kichwa kinachousoma mkanda, na kile kijiti cha chuma kinachozunguka husafishwa kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ya isopropili ya 90% au zaidi, isiyo na rangi wala mafuta. Endelea mpaka pamba itoke nyeupe. Rola ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kisha uikaushe. Uchafu wa kahawia unaotoka ni unga wa sumaku uliobanduka kwenye mikanda mingine. Ukirundikana kwenye hedi, sauti za juu zinapotea kwanza.

Ukishasafisha na sauti bado imezibwa, kama mwimbaji yuko nyuma ya pazia, watu wengi husema kanda imekufa. Mara nyingi haijakufa. Hapa kuna mambo mawili ya kukagua.

La kwanza ni kile kitambaa kidogo cha manyoya kilichobandikwa kwenye kibati katikati ya uwazi wa kanda. Kazi yake ni kuusukuma mkanda uguse hedi. Gundi yake inazeeka, kinadondoka, na mkanda unaelea mbele ya hedi bila kuigusa vizuri. Sauti inakuwa hafifu, inakuja na kwenda. Dawa yake ni kuhamisha mkanda wote kwenye jumba la kanda nyingine nzima. Kanda nyingi zina skrubu tano ndogo. Ilaze juu ya meza, fungua, piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, kisha inua magurudumu mawili pamoja na mkanda wake kwa mara moja. Usisahau zile karatasi laini mbili za juu na chini na virola viwili vya pembeni. Bila karatasi hizo mkanda unakwaruza na kukaza. Kama jumba limegundishwa halina skrubu, pasua kwenye mshono kwa kisu chembamba, taratibu, ukijua jumba hilo halitatumika tena.

La pili ni pembe ya hedi, na hili ndilo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote. Hedi ya mashine iliyorekodi mwaka 1985 haikukaa kwa pembe ileile na hedi ya mashine uliyonunua leo. Kutofautiana kidogo tu kunameza herufi "s", matoazi na makali ya fidla. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi ina rangi au gundi juu yake na kijitundu cha kuifikia. Weka kanda, vaa hedifoni, igeuze robo ya mzunguko kwenda na kurudi, polepole, mpaka sauti ifunguke. Utaisikia ikifunguka, huhitaji kipimo. Fanya hivyo kwa kila kanda, na wakati mwingine kwa kila upande. Hakuna programu ya kompyuta inayorudisha sauti za juu ambazo hedi haikuzisoma.

Kunakili kwenyewe ni kwepesi. Chukua waya wa milimita 3.5 kutoka kwenye mashine hadi kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Laptop nyingi zina tundu la maikrofoni tu, na hilo ni la njia moja ya sauti (mono) tena linakwaruza sauti yenye nguvu, kwa hiyo tafuta kile kifaa kidogo cha USB cha kuingizia sauti. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Chagua stereo, yaani njia mbili, 48,000 Hz, biti 24, na uhifadhi kama WAV. Cheza sehemu yenye kelele kubwa kuliko zote, upunguze sauti mpaka kilele kisivuke desibeli 6 chini ya sifuri. Kikivuka sifuri, sauti inapasuka na haiponi. Zima Dolby (kipunguza kelele za mkanda) kama mashine inayo, isipokuwa lebo inasema kanda ilirekodiwa nayo. Kurekodi kwa kuweka simu mbele ya spika usijaribu, kwani simu hupandisha na kushusha sauti yenyewe.

Kwa nini stereo wakati redio ya zamani ilikuwa ya njia moja? Kwa sababu mkanda wa upande mmoja unasomwa na nusu mbili za hedi, na uharibifu hauzipigi sawa. Ukungu au mkunjo ukiwa ukingoni, njia moja inakatika na ya pili iko salama. Baadaye unasikiliza zote mbili na kutumia iliyo nzuri.

Kanda ya C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni dakika 45. Kwa kipimo nilichotaja, C60 nzima inachukua takriban GB 1, C90 kama GB 1.5. Kanda zako 40 zinaingia kwenye diski ya GB 100 bila shida. C120 ukiikuta, ihudumie kwa upole wa pekee: ili dakika 120 ziingie, mkanda wake ulifanywa mwembamba karibu nusu ya ule wa C60, unavutika na kutafunwa upesi. Kuirudisha nyuma kwa kasi ni kuitafutia msiba.

Utakutana na jambo hili: Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, anaimba kama mtoto, au mtangazaji anakimbia kama anafukuzwa. Mkanda wa kaseti unatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Rekoda ya betri zilizochoka ilikwenda polepole ilipokuwa inarekodi, kwa hiyo leo, mashine ikienda sawasawa, sauti inapanda. Na kwa kuwa betri zilizidi kuchoka, mwanzo wa kanda unaweza kuwa sawa na mwisho ukawa mbio. Sauti hiyo inarekebishika. Kama mzee alirekodi kwa umeme, sikiliza ule mvumo wa chini unaoachwa na umeme kwenye mkanda. Umeme wetu ni 50 Hz. Ukiupima kwenye Audacity, mahali panapoonyeshwa masafa ya sauti, ukaukuta kwenye 53, maana yake sauti yote imepanda kwa kiasi hicho, nawe unapunguza kasi kwa karibu 5.7%. Hakikisha kwanza mvumo si wa mashine yako: rekodi sekunde chache kanda ikiwa imesimama. Kama alirekodi kwa betri, hakuna mvumo wa kupimia, na hapo nakala za yule kijana zina faida. Tafuta wimbo uleule uliotolewa kwenye santuri, uulinganishe na wako, urekebishe mpaka mlio wa gitaa ukae sawa. Taarabu ya Tanga inasaidia hapo, kwa kuwa Black Star na wenzao walitia gitaa na besi, na gitaa haliyumbi kama sauti ya mwimbaji.

Nije kwenye COASTAL 88. Lebo hiyo ina msingi: Coastal Union, timu ya mpira ya Tanga, walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988. Lakini lebo ya kanda ni ushahidi dhaifu, kwa hiyo sikiliza utangazaji wenyewe. Mpinzani ni nani? Timu nyingine zilikuwa na misimu yao ya kung'aa. Tukuyu Stars, kwa mfano, walikuwa mabingwa mwaka 1986. Rais anayetajwa kwenye habari baada ya mpira ni Mwalimu au Mzee Mwinyi? Mwinyi aliingia Novemba 1985 akatoka 1995. Halafu sikiliza kipa. Kabla ya sheria ya mwaka 1992, beki alimrudishia kipa mpira kwa mguu, kipa akaudaka, mtangazaji akapita bila neno. Ukisikia mwamuzi akitoa adhabu kwa kosa hilo, kanda hiyo si ya 1988 hata kama imeandikwa hivyo. Na ukikuta utangazaji unakatika ghafla mashabiki wakianza kupiga kelele, usidhani mkanda umeharibika. Kipindi ni dakika 45, upande wa C60 ni 30. Mzee alikuwa anageuza kanda, na bao halikumsubiri.

Ukikuta nyingine imeandikwa "Wagosi wa Kaya", sikiliza kabla ya kuiweka kwenye fungu la mpira. Ni jina la utani la Coastal, na ni jina la kundi la bongofleva la hukohuko Tanga la mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati muziki huo ulipokuwa bado unauzwa kwa kanda. Vivyo hivyo "Taifa Stars Lagos" ni mwaka 1980, fainali za Mataifa ya Afrika, ambazo hatukuzirudia mpaka 2019 kule Misri. Kanda hiyo ikiwamo, ipandishe ikae pamoja na za nyumbani.

Mafaili yape majina yanayojieleza: namba ya kanda, upande, maandishi ya lebo kama yalivyo hata yakiwa na makosa, na tarehe uliyonakili. Piga picha ya kila lebo na kila karatasi ya ndani, maana mwandiko wa mzee ni sehemu ya kanda. Faili la kwanza usilifanyie usafi wowote. Kupunguza kelele za mkanda, kurekebisha kasi na kukata nyimbo kufanyike kwenye nakala. Programu za kuondoa kelele hazijui tofauti ya kelele za mkanda na mvua ya Tanga juu ya bati. Weka nakala tatu: diski ya nje, kompyuta, na diski nyingine kwa ndugu anayekaa nyumba tofauti. Flashi iwe ya kusikilizia tu, inakufa bila kuaga. Kwa jamaa, tuma MP3 kama faili la kawaida, si kama ujumbe wa sauti, kwa sababu WhatsApp huusaga.

Kanda zenyewe, ukimaliza, zirudi zikiwa zimezungushwa mpaka mwisho wa upande, zisimame wima kama vitabu, mbali na spika na mbali na ukuta wa bafu. Lile sanduku la bati libaki la ukumbusho. Kanda ziweke kwenye boksi la plastiki lenye silika, ubadilishe vipakiti kila baada ya masika.

Kanda ya harusi ya dada yako iwe ya mwisho kabisa, hata kama ndiyo inayokuwasha moyo. Kwanza kata kwa makusudi kanda moja isiyo na thamani uiunge mara tano au sita mpaka mkono uzoee. Tumia utepe maalumu wa kuungia mkanda. Selotepu hapana, gundi yake inatambaa nje kwa joto letu na kunasa mzunguko unaofuata. Kata ncha zote mbili kwa wembe mpya, kwa mshazari, zikiwa zimelaliana, ili zikutane bila pengo wala kupandana. Utepe ubandikwe upande unaogusa kile kitambaa cha manyoya, kamwe si upande unaogusa hedi. Kandamiza kwa ukucha, punguza kilichozidi pembeni, kisha zungusha kwa kalamu, si kwa mashine, mpaka kiungo kipite salama. Ukikata vizuri utapoteza sauti ya sehemu ndogo ya sekunde. Na vipande vya mkanda uliovikata, hata vya nusu sentimita, viweke kwenye bahasha ndani ya kasha lake.